Kikohozi Kundini

Sauti ya kwanza aliyoituma yule mzee wa Ikuti kwenye kundi langu la wanafunzi ilikuwa kikohozi. Hakusema neno. Alibonyeza kile kipaza sauti kidogo, akakohoa, akaachia. Wanafunzi wakamiminika na vikatuni vya kucheka mpaka machozi, na mmoja akaandika, "Pole babu, kunywa tangawizi." Mimi sikucheka. Na ninamjua mtu mwingine mmoja ambaye siku ile hakucheka.

Nimefundisha baiolojia Rungwe tangu nikiwa msichana, na sasa kichwa kimeota mvi. Sina mdomo mzuri. Waliopita mikononi mwangu watakuambia. Shule yetu iko nje kidogo ya mji wa Tukuyu. Mchana nafundisha watoto wa kawaida. Jioni nafundisha wanaorudi, yaani wasichana waliotoka shuleni na mimba, wakafungiwa mlango na utaratibu wa wakati ule, na sasa utaratibu umegeuka, unawaita warudi huku ukijisifu kama umewafanyia hisani. Wengi wanakaa mbali, Kyimo, Kiwira, Ikuti huko, wana watoto mgongoni na shamba la kupalilia. Kuwataka wafike kila jioni kwenye tope letu ni sawa na kuwataka wasifike. Ndiyo maana nikafungua kundi la simu.

Njia yangu ya kufundisha ni moja na sijawahi kuibadilisha. Natuma somo kwa sauti, kwanza kwa Kiswahili cha nyumbani, kisha nalivisha Kiingereza cha mtihani. Halafu kila mmoja ananirudishia kwa sauti yake, kwa maneno yake mwenyewe, bila kusoma popote. Mtu akiandika anaweza kunakili kwa jirani. Akisema, nasikia pale anapobabaika, na pale pale namkamata. Walimu wenzangu wanaona nawatesa watu wazima. Wao wanatuma picha za kurasa za kitabu, wanalala.

Aliyekuwa akisema vizuri kuliko wote ni binti mmoja aliyezaliwa Kyimo na kuolewa Ikuti. Mume wake anafanya kazi Tunduma mpakani, nyumbani anakuja sikukuu. Yeye alibaki kwa wakwe na mtoto wao mdogo. Alikuwa na sauti nzito kidogo, isiyo na haraka, na nyuma yake ungesikia kuku na mvua juu ya bati. Mmeng'enyo wa chakula aliueleza kwa ndizi za kupika na maziwa mgando, kutoka mdomoni mpaka mwisho wa safari, wenzake wakawa wanarudia maneno yake badala ya yangu. Alitaka kitu kimoja tu, cheti cha kidato cha nne, ili aende chuo cha uuguzi. Wakati anajifungua nesi alimtukana akiwa kwenye uchungu, na akaniambia anataka kuwa nesi asiyetukana. Nikamjibu kwamba wote huanza hivyo. Lakini nilimpenda, na sikuwa na shaka kwamba atafaulu.

Sasa, mkuu wetu wa shule ni mwoga wa aina ile wanaoitwa makini. Alisikia kwamba mahali fulani mwalimu mmoja mwanamume alikuwa akiwaandikia wanafunzi maneno matamu kwenye kundi kama letu. Akaamuru kila mwanafunzi wa jioni awe na mlezi humo humo kundini, awe anaona kila kinachoandikwa. Mume wa binti yule alikuwa na kitochi, simu isiyojua kundi. Kwa hiyo mlezi wa nyumba ile akawa baba mkwe, mzee wa kanisa, mjumbe wa bodi yetu, mwenye simu ya kupangusa aliyonunuliwa na mwanawe mwingine aliye Dar. Mkuu mwenyewe ndiye aliyemwingiza, akaandika, "Karibu sana mzee wetu." Tangu siku hiyo binti hakutuma sauti tena.

Msomaji asiye wa huku nimweleze. Kwetu Wanyakyusa, mke wa mtoto hakutani na baba mkwe. Hamtazami usoni, hampi kitu mkononi, haketi naye chumba kimoja, hasemi naye, na hata sauti yake haitakiwi kumfikia. Tunaita ukutila. Wahubiri hupenda kusema maana yake ni heshima, lakini bibi yangu, aliyeuishi, alisema ni kuogopa. Mama yangu mzazi nilimwona akijitupa kwenye migomba na ndoo ya maji kichwani kwa sababu babu alitokea kwenye kona ya njia. Maji yalimwagika yote, akarudi mtoni, na hakuna aliyeona kuna la kuzungumza. Mjini siku hizi mambo haya yamelegea, utakuta mkwe na mkamwana wanagombea rimoti. Kwenye nyumba ile ya Ikuti yalikuwa hayajalegea. Nyumba ilikuwa na milango miwili, na mzee akirudi kutoka kwenye shamba lake la chai alikohoa akiwa bado kwenye miparachichi, ili mkamwana apate nafasi ya kupotea. Kikohozi kile kilikuwa uungwana wake, na wanawake wa jirani walimsifu kwa hilo.

Tuliwahi kupelekwa semina Mbeya, na kijana mmoja mwenye suruali ya kubana akatufundisha kwamba simu imeondoa umbali kati ya watu. Tulipiga makofi, maana chakula kilikuwa kizuri. Hakuna aliyemwambia kwamba wapo watu ambao umbali waliujenga kwa mikono yao, wakaupandia na migomba pembeni ili ukae vizuri. Kundini hakuna migomba. Mzee na mkamwana wake walikuwa wameingizwa kwenye chumba kimoja kisicho na mlango wa pili, na walinzi wa maadili tukiwa tunawatazama.

Mimi mwanzoni sikufikiri hayo. Nilimuuliza binti mbele ya wote, "Mbona kimya, au mume amekuja?" Wenzake wakacheka. Akaniandikia pembeni, kwenye namba yangu, "Mwalimu, baba mkwe yumo." Maneno hayo tu. Nikaketi na simu mkononi kama mtu aliyeambiwa ana kidonda mgongoni na wote walikuwa wanakiona isipokuwa yeye.

Nikamwambia basi aandike. Aliandika kwa muda, majibu mafupi, yaliyonyooka. Kisha Jumapili moja baada ya ibada mzee mwenzake ambaye pia ni mlezi kundini akamtania baba mkwe mbele ya watu. "Naona mkamwana wako anakuandikia barua kila jioni." Wazee wakacheka huku wakishikana mabega. Aliyetaniwa alicheka pia, halafu alipofika nyumbani akamtuma mkewe jikoni akaseme kwamba kuandika nako ni kusema. Binti akaacha kuandika.

Akabaki anasikiliza tu. Hapo ndipo kikohozi kilipoingia. Mzee alikaa na jambo lile akalifikiria vizuri, maana si mjinga hata kidogo. Akaona kwamba kama wote wawili wanasikiliza somo kwa wakati mmoja, basi wameketi chumba kimoja, hata kama mmoja yuko sebuleni na mwingine jikoni. Kwa hiyo kila alipotaka kufungua kundi alituma kwanza kikohozi, na mkamwana akikisikia aondoke. Kwa akili yake alikuwa amemaliza tatizo bila kumwonea mtu. Shida ni kwamba alikohoa asubuhi, akakohoa baada ya chakula, akakohoa jioni, na mvua ikinyesha, ambayo huku ni karibu siku zote, hakuwa na kazi nyingine. Binti alikuwa akichungulia masomo kwenye nyufa za siku.

Na wenzake? Hawa ndio waliofukuzwa na matumbo yao, wakazomewa njiani na watoto wa shule, wakafichwa na mama zao wageni wakija. Ungedhani watamhurumia. Walimtafutia kikatuni cha mdomo uliotiwa kufuli, wakawa wanakituma kila nikiuliza swali na yeye hajibu. Wakamwita Bubu wa Ikuti. Wengine ni Wanyakyusa kama mimi na walijua kabisa sababu ya ububu ule, na hao ndio waliocheka zaidi. Niliwafokea kwa sauti ndefu ambayo hata mkuu aliiogopa. Wakaomba radhi kwa vile vikatuni vya mikono iliyounganishwa, na kesho yake wakaendelea.

Siku moja nikamwondoa mzee kundini. Nilikuwa sijafikiri sana, nilikuwa nimekasirika. Ile programu haina adabu. Saa hiyo hiyo ikawatangazia walezi wote na wanafunzi wote kwamba mwalimu amemwondoa fulani. Chai ya saa nne haijapoa nikaitwa ofisini.

"Mwalimu, umemtoa mjumbe wa bodi mbele za watu," mkuu akasema. Alikuwa ameshika simu yake kama kuku aliyekufa.

"Nimemtoa mbele ya mkamwana wake. Nyinyi ndio mliomwingiza."

"Hayo ni mambo ya mila. Sisi hapa ni taasisi."

"Basi taasisi imwambie mkamwana aongee."

"Mwalimu, usinitafutie maneno. Yule mzee ndiye anayetusemea kwa wazazi. Nimesharudisha namba yake. Wewe uandike kidogo, uombe radhi."

Niliandika kundini, "Mzee amerudi." Nilikataa kuongeza. Watu niliowahi kuwasimulia habari hii husubiri nifike hapa niseme najuta kwa kumvunjia mzee heshima. Sijutii. Ningeweza kumwondoa hata mkuu wa shule, ningemwondoa.

Baada ya hapo nikawa namtumia binti masomo pembeni, kwenye namba yake, kabla sijayapeleka kundini. Aliyasikiliza jikoni akiwa anapika, simu kaiegesha kwenye chungu, sauti kaipunguza. Akanirudishia kwa sauti. Nilipoisikia tena ile sauti nzito, na kuku, na mvua, nilifurahi kiasi cha kujionea aibu, mtu mzima nimesimama peke yangu kwenye varanda ya shule nacheka na simu. Tukakimbia. Kundi lilikuwa bado kwenye mapafu, sisi tulishafika kwenye figo. Somo la figo alilieleza kwa kuchuja togwa. Alisema damu inaingia kwa ateri ikiwa na uchafu wake, figo inachuja, inabakisha kinachofaa, na damu safi inatoka kwa vena. Alisema hivyo huku akikoroga kitu, nikasikia mwiko unagonga sufuria. Nilimwambia, ukiandika hivyo hivyo kwenye mtihani, hakuna msahihishaji wa kukunyima.

Kisha nikapata ujumbe kutoka kwa mzee mwenyewe. Alikuwa hajawahi kuniandikia. "Mwalimu, salamu. Jana nimesikia jikoni kwangu unafundisha figo. Huku kundini tuko kwenye mapafu. Mimi sijatumiwa figo. Naomba figo."

Nilicheka kwa sauti chumba cha walimu, nikawasomea wenzangu, nao wakacheka. Mzee wa kanisa anaomba figo. Kicheko kilinikatika nilipoanza kuipanga picha. Jikoni hawezi kuingia, kwa hiyo alikuwa amesimama nje chini ya upenu, kwenye matone, ameegesha sikio ukutani. Na hakuwa pale kumpeleleza mkamwana. Alikuwa ameona wivu. Siku zote zile nilizodhani anakaa kundini kama mlinzi, alikuwa anasoma.

Sikumjibu. Siku chache baadaye binti alinipigia kwa kitochi cha jirani. Hakulia. "Mwalimu, simu imechukuliwa," akasema. "Wamesema nyumba moja haiwezi kuwa na madarasa mawili."

"Nani amesema?"

"Mama ndiye aliyekuja kuniambia." Kisha akaniambia jirani anataka simu yake.

Nikapanda bodaboda hadi Ikuti. Tulianguka kwenye tope mara ya kwanza tukainuka, mara ya pili nikashuka nikatembea. Nilifika nimelowa na nimekasirika, na hali hizo mbili kwangu husaidiana. Mzee alinipokea vizuri sana. Ni mtu mrefu, mikono imekauka kwa kazi, anaketi wima kama yuko kanisani. Sebule ilikuwa na viti vilivyovalishwa vitambaa vya kufuma, na jiko limeegeshwa nyuma yake, ukuta wa katikati haufiki juu, kumbe upenuni hakuwa na haja ya kusimama. Moshi ulipita pale juu, na harufu ya magimbi. Simu ya mkamwana ilikuwa kwenye mfuko wa shati la mzee, naiona kabisa, yake mwenyewe iko mezani.

"Ugonile, mwalimu," akanisalimu. "Ndaga, asante kwa kuja. Masomo yako masuli fijo, masuli sana."

Mama mkwe akaingia na chai ya maziwa. Aliyeipika alikuwa upande wa pili wa ukuta, nasikia anavyopanga vikombe. Ndivyo tulivyoketi. Mwenye jambo lake alikuwa karibu kiasi kwamba ningeweza kumrushia gimbi likamfikia, na hakuwemo kwenye mazungumzo.

Sikuzunguka. Nilisema mkamwana wako ana kichwa ambacho sijakutana nacho kwa muda mrefu, mtihani umekaribia, na kwenye nyumba hii mambo matatu yanawezekana. Arudishiwe simu. Au wewe utoke kundini. Au uufungue mwiko huu wa ukutila. Maana unafunguka. Nawajua wazee waliowaita wake wa watoto wao, wakawapa kuku na doti ya kitenge mbele ya ndugu, na tangu siku hiyo wakawa wanasalimiana kama watu. Mama mkwe aliinamisha kichwa niliposema hivyo. Nadhani aliwahi kulifikiria mwenyewe.

Mzee akampigia kwanza mwanawe Tunduma, akaweka simu mezani ili wote tusikie. Nyuma yake malori yalikuwa yananguruma. "Mwalimu, shikamoo," mume akasema. "Mimi sina neno. Baba akishaamua, mimi niseme nini?" Nikamwambia aseme anachotaka kuhusu mke wake. Akasema mtandao unakatika. Ulikuwa haujakatika, nilimsikia anavuta pumzi, ndipo akaukata.

"Mwiko haufunguliwi kwa ajili ya simu, mwalimu," mzee akasema. "Watu watasema nimenunuliwa na kitoto cha Kyimo. Na kundini siwesi kutoka. Nikitoka, mimi nitasoma wapi?"

Akaniambia. Alikuwa kidato cha pili baba yake alipomtoa shule aje asimamie migomba, kwa kuwa kaka yake mkubwa alikuwa amefariki. Alikuwa wa kwanza darasani. Akaja, akalima, akaoa, akawa mzee. "Tangu siku ile hakuna mtu aliyenifundisa kitu," akasema. "Wananiulisa tu. Kanisani wananiulisa, kwenye ukoo wananiulisa, hata huyu mkuu wenu ananiulisa. Wewe ndiye unanifundisa." Nikamhurumia, halafu nikakasirika zaidi kwa kuwa amenifanya nimhurumie.

"Na yeye je?" nikauliza, nikionyesha ukuta.

"Yeye bado kijana. Ana muda."

Halafu akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Akasimama, akaweka mikono nyuma kama mtoto wa shule, akasema somo la figo amelisikiliza lote, kwenye ile simu nyingine, na anaomba nimpime. Sikumruhusu wala sikumkataza. Akaanza. Alieleza kwa kuchuja togwa. Alieleza kwa maneno yale yale niliyotumiwa mimi, mpaka mahali pa kupumzika alipumzika pale pale. Mke wake alimtazama kwa fahari. Akasema, "Damu inaingia kwenye figo kwa vena," na akasita, macho yakapanda darini.

Mimi nilikuwa nafungua mdomo. Sauti ikatoka juu ya ukuta, pamoja na moshi.

"Ateri."

Nzito, bila haraka, neno moja. Mama mkwe akaweka kikombe chini. Nilimtazama mzee, nikangoja, nakiri, kwa furaha. Nilidhani sasa kitu kitavunjika humu ndani, kizuri au kibaya. Hakugeuza kichwa. Hakuna kilichobadilika usoni pake. Sauti isiyotakiwa kumfikia haikumfikia. Akasubiri kidogo, kama mtu aliyekumbuka mwenyewe, akasema, "Damu inaingia kwenye figo kwa ateli," akaendelea hadi mwisho bila kukosea, akaketi.

"Nimepata?" akauliza.

Mama mkwe alikuwa ameshatoka. Sikusikia kofi wala neno kali. Nilisikia mlango wa jikoni unafungwa kwa nje, na komeo.

"Umepata," nikamwambia, kwa sababu alikuwa amepata.

Akafurahi, akanisogezea magimbi. Kisha akashusha sauti kama mtu anayeomba jambo la adabu. "Mwalimu, kwa kuwa yeye ameasa masomo, ile nafasi yake ya mtihani haiwesi kutumiwa na mtu mwingine wa nyumba hii hii?"

Nilimjibu kwamba nafasi ni ya jina na sura, haihamishwi kama shamba, na akitaka ajisajili mwenyewe mwaka unaofuata. Nikasimama. Nikamwambia, "Mzee, umemmeza mtoto wa watu ili ujifunze mmeng'enyo." Nilitaka neno limchome. Akacheka kwa roho safi kabisa, akadhani ni mfano wa somo, akanisindikiza hadi kwenye miparachichi.

Binti hakufanya mtihani ule. Siku ya baiolojia nilipita kwenye madawati, nikakuta la kwake lina namba yake juu na hakuna mtu. Nilizungukia kila ofisi ninayoijua Tukuyu, wakanisikiliza kwa huruma, wakaniambia hakuna sheria inayomkataza mtu kuwemo kwenye kundi la simu. Ni kweli, hakuna.

Mwaka uliofuata mzee akajisajili. Mkuu alimpiga picha akijisajili, akaituma kwenye makundi yote, na watu wakaandika elimu haina mwisho. Wanafunzi wangu wapya, ambao hawakumjua mkamwana, walimpenda. Walimwita Babu Profesa. Alituma sauti kila nilipouliza, na hakukohoa tena, kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kuonywa. Mmeng'enyo aliueleza kwa ndizi za kupika na maziwa mgando. Niliketi na kuzisikiliza sauti zile, nikasahihisha, nikampa haki yake. Kila alipomaliza nilikuwa nangoja kusikia kuku.

Siku ya mtihani wa baiolojia alikuja na suti ya kanisani. Mimi sikuwa msimamizi, nilikuwa getini. Karibu na mwisho wa mtihani nikamwona mwanamke anapanda njia ya kwenye mashamba ya chai, hotipoti amelifunga kwa kitenge kichwani. Nilimtambua kwa mwendo. Alikuwa amekonda.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umekuja kwa miguu?"

"Mama amesema chakula kifike cha moto." Akashusha hotipoti. Hakumtafuta mtu wa kumpa, alinipa mimi moja kwa moja, kwa mikono miwili, kwa kuwa ndivyo alivyokuwa amepanga njia nzima. Kisha akatazama madarasa. "Swali la figo limetoka?"

Waliomaliza mapema walikuwa wameshaniambia. "Limetoka."

Akafikiri. "Ateri ataikumbuka," akasema. "Kwenye vena ndipo anapobabaika. Huwa namsikia asubuhi anavyorudia sebuleni. Akikosea natamani kugonga sufuria."

"Na wewe unarudia?"

"Kimoyomoyo."

Nikamuuliza kama mtoto hajambo, akasema hajambo, anaanza shule mwakani. Ndipo tukasikia kikohozi upande wa madarasa. Akashuka haraka kwenye chai bila kuniaga.

Mzee akatokea, suti imemkaa vizuri, uso unang'aa. Akapokea hotipoti mikononi mwangu, akauliza nani ameleta.

"Mkamwana wako," nikasema.

Akatazama pembeni kwa adabu, kama ninavyotazama pembeni mtu akijamba mbele yangu. Akafungua mfuniko, akanusa, akaanza kula amesimama, mvua nyepesi ikianza. Akanisimulia swali la figo lote, jinsi alivyoanza na togwa, jinsi alivyoweka ateri kwanza na vena baadaye. Hakuwa amekosea mahali. Alikula taratibu, maana alikuwa na mengi ya kusimulia. Kule chini kitambaa cha kichwa cha mkamwana kilionekana kidogo juu ya majani ya chai, kimeinama, hakisogei. Alikuwa anasubiri hotipoti.